Eyam, Kijiji Kilichojifungia Mlango

Wahenga wetu walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika kijiji nitakachowasimulia mwezi huu mgeni alikuja, na wenyeji hawakupona. Tena mgeni huyo hakuwa mtu, bali robota la nguo. Lilifika katika kijiji cha Eyam, katika nchi ya Uingereza, mwaka 1665, na kabla ya miezi kumi na minne kupita watu kama 260 wa kijiji kile walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Watu wengi waliosikia habari za Eyam husimulia ushujaa wa watu wake, nao wanastahili kusimuliwa. Lakini mimi nilipoisoma habari hii mara ya pili na ya tatu, niliona jambo jingine ndani yake, dogo kwa kulitazama, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ushujaa ule usingalipatikana kama watu wawili waliofarakana wasingalikubali kwanza kuketi pamoja. Basi nifuateni taratibu, tuanze na mahali penyewe.

MAHALI KILIPO

Jina la kijiji huandikwa Eyam, na wenyeji hulitamka Iim. Kimo katika jimbo la Derbyshire, katikati ya Uingereza, upande wa kusini-magharibi wa Sheffield, mji uliosifika tangu zamani kwa kufua visu. Nchi yote ya hapo ni ya vilima. Upande wa kaskazini wa kijiji umesimama mwinuko mrefu uitwao Eyam Edge, wa mawe magumu ya mchanga, na juu yake iko nyika tupu yenye upepo mkali. Upande wa kusini mawe ni ya chokaa, na nchi imekatwa na mabonde membamba yenye magenge ya kijivu. Kijiji kimekaa pale mawe ya namna hizo mbili yanapokutana.

Wenyeji wa kwanza hawakupachagua pale bure. Mvua inyeshayo juu ya mwinuko hutokea tena chini yake katika chemchemi, lakini maji yale yakifika penye mawe ya chokaa huzama ardhini yakapotea. Basi aliyetaka maji ilimpasa kujenga chini ya mwinuko, wala asiende mbali. Ndiyo maana nyumba za Eyam zimejipanga katika njia moja ndefu, kama shanga katika uzi. Wataalamu wa lugha husema kwamba hata jina lenyewe latoka katika neno la zamani la visiwa, kwa kuwa ni nchi iliyo kati ya vijito. Na mwaka 1588 watu wa kijiji waliyavuta maji ya chemchemi kwa mabomba, wakayatia katika mabirika ya mawe kando ya njia, ili kila mtu ateke karibu na mlango wake. Baadhi ya mabirika hayo yapo hata leo.

Kijiji ni cha kale sana. Katika uwanja wa kanisa umesimama msalaba wa jiwe uliochongwa yapata miaka 1,200 iliyopita, wakati habari njema zilipokuwa bado mpya katika nchi ile. Tena katika kitabu kikubwa cha mwaka 1086, ambacho mfalme William aliagiza kiandikwe ili ajue mali yote ya nchi aliyoishinda, jina la kijiji hiki limo.

Watu wake walikuwa wafugaji wa kondoo na wakulima wadogo, lakini wengi wao walikuwa wachimbaji wa risasi. Risasi ilikuwa mali ya milima ile tangu zamani. Wanaume walishuka katika mashimo membamba wakafanya kazi kwa mwanga wa mishumaa, wakapanda jioni wamechafuka na kuchoka. Kwa hiyo walikuwa watu wagumu, wasiopenda kuamriwa na mtu. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

ROBOTA LA NGUO

Mwaka 1665 mji wa London ulipigwa na tauni kubwa. Hesabu ya waliokufa huko hukadiriwa kuwa kama 100,000. Eyam ilikuwa mbali na London, mwendo wa siku nyingi kwa magari ya farasi, na watu wake walizisikia habari zile kama mtu asikiavyo ngurumo ya mvua inyeshayo nchi nyingine.

Palikuwa na fundi wa kushona nguo jina lake Alexander Hadfield. Alikuwa amemwoa mjane, Mary, aliyekuwa na wana wawili wa mume wake wa kwanza, Edward na Jonathan Cooper. Katika nyumba hiyo alikaa pia mfanyakazi jina lake George Viccars. Mwishoni mwa Agosti liliwasili robota la nguo kutoka London. Imesimuliwa kwamba nguo zilikuwa na unyevu, na Viccars akazitandaza mbele ya moto zikauke. Ndani ya nguo mlikuwa na viroboto. Baada ya siku chache Viccars alishikwa na homa kali, akatoka mitoki, akafa. Alizikwa tarehe 7 Septemba 1665. Kabla ya mwezi huo kwisha Edward Cooper alizikwa, na mwanzoni mwa Oktoba ndugu yake Jonathan akamfuata. Kisha ugonjwa ukatoka katika nyumba ile ukaingia katika nyumba za jirani.

Siku zile hapakuwa na mtu duniani aliyejua asili ya tauni. Wengine walisema ni hewa mbaya, wengine walisema ni hasira ya Mungu kwa dhambi ya mtu fulani, na kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumtaja. Sisi leo twajua. Mwaka 1894 mganga Alexandre Yersin aliona katika mji wa Hong Kong kijidudu kiletacho ugonjwa huu, kidogo hata hakionekani kwa macho, na baadaye ikajulikana kwamba hupitishwa na viroboto vya panya. Ni ugonjwa ule ule uliotokea katika wilaya ya Lushoto, nchi ya Tanzania, mwaka 1980, ukarudi miaka mingi baadaye. Leo twazo dawa za kuuponya, mgonjwa akiwahi kupelekwa hospitali. Watu wa Eyam hawakuwa nazo.

MAPADRE WAWILI

Majira ya baridi yalipofika vifo vilipungua, na watu wakaanza kutumaini. Lakini joto liliporudi mwaka 1666, tauni nayo ilirudi kwa nguvu. Baadhi ya wenye mali walikuwa wamekwisha kuondoka. Wengine waliobaki nao walianza kufunga mizigo. Hapo ndipo ilipoonekana hatari ambayo ni kubwa kuliko kijiji kimoja: kama watu wa Eyam wangetawanyika, wangeipeleka tauni Sheffield, na Bakewell, na katika vijiji vyote vya milima ile.

Nani angewaambia wakae? Padre wa mahali alikuwa William Mompesson, kijana asiyefikia miaka thelathini, aliyefika mwaka 1664 tu na mke wake Catherine na watoto wao wawili wadogo. Watu hawakumpenda. Wala si kwa kosa lake mwenyewe. Walikuwa na padre wao wa zamani, Thomas Stanley, waliyemzoea na kumwamini miaka mingi. Lakini nchi ya Uingereza ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mfalme amekatwa kichwa, kisha mwana wake amerudishwa katika kiti mwaka 1660. Mwaka 1662 ilitolewa sheria ya kuwalazimisha makasisi wote kukikubali na kukifuata Kitabu cha Sala katika kila jambo. Makasisi wapatao 2,000 waliacha kazi zao au walifukuzwa kwa sababu ya mabadiliko hayo, na Stanley alikuwa mmoja wao. Hata hivyo hakwenda mbali. Alibaki Eyam, hana kanisa wala mshahara, na mioyo ya watu wengi ilikuwa bado kwake.

Basi fikirini, ninyi mnaojua maisha ya mtaa na mashauri ya wazee. Padre mpya anayo sheria, nyumba ya padre na mimbari. Padre wa zamani anao watu. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake amekosea katika mambo ya ibada, nayo hayakuwa mambo madogo. Watu walikuwa wamefungwa gerezani kwa ajili yake. Mompesson akisema, Kaeni, nusu ya kijiji itauliza, Huyu ni nani hata atuamuru kufa? Stanley akisema, Kaeni, sheria itauliza, Huyu ni nani hata asimame mbele ya mkutano?

Ni nani aliyetangulia kumwendea mwenzake hatuambiwi. Lakini walikutana, na katika mwezi wa Juni 1666 walisimama pamoja mbele ya watu, wakasema neno moja.

SHAURI LA MWEZI WA JUNI

Shauri lao lilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza, kila jamaa wazike maiti wao wenyewe, upesi, katika shamba au bustani yao, wala wasiwabebe mpaka kanisani. Ya pili, mlango wa kanisa ufungwe, watu wasibanane ndani. Ibada ifanyike nje, katika bonde liitwalo Cucklet Delf, kila jamaa wakisimama mbali na wengine. Ya tatu, nayo ndiyo nzito kuliko zote, mtu yeyote asivuke mpaka wa kijiji kwenda nje, wala wa nje asiingie, mpaka tauni iishe.

Watu walikubali. Wale wachimbaji wagumu wasiopenda kuamriwa walikubali, kwa kuwa walimwona mtu wao amesimama kando ya padre mpya, na padre mpya hakuwaambia jambo ambalo yeye mwenyewe hakulifanya. Mompesson alikuwa amewapeleka watoto wake kwa jamaa kabla ya mpaka kufungwa. Imesimuliwa kwamba Catherine alimsihi waondoke wote, naye akamsihi mke wake aende peke yake pamoja na watoto, na kila mmoja akakataa kumwacha mwenzake. Basi walibaki wote wawili.

Earl wa Devonshire, bwana mkubwa aliyekaa katika jumba la Chatsworth lisilo mbali na Eyam, aliahidi kuwaletea chakula na mahitaji. Vitu viliwekwa mpakani, na watu wa kijiji wakaja kuvichukua baada ya walioleta kuondoka. Upande wa kaskazini vitu viliachwa kando ya chemchemi iliyo juu njiani, ambayo hata leo huitwa Kisima cha Mompesson. Upande wa kijiji jirani cha Stoney Middleton liko jiwe kubwa lenye matundu sita. Katika matundu hayo watu wa Eyam walitia fedha za malipo, na juu yake wakatia siki, wakitumaini kwamba siki itaosha ugonjwa katika fedha. Jiwe lile lipo mpaka leo katikati ya majani, na matundu yake yamelainika kwa vidole vya wageni wengi.

YALIYOWAPATA WALIOKAA

Mwezi wa Agosti ulikuwa mbaya kuliko yote. Watu zaidi ya sabini walikufa katika mwezi huo mmoja.

Nje kidogo ya kijiji, mahali paitwapo Riley, palikaa jamaa ya Hancock. Tarehe 3 Agosti walianza kufa. Kufikia tarehe 10 mama wa nyumba hiyo, Elizabeth Hancock, alikuwa amemzika mume wake na watoto sita. Siku nane, makaburi saba. Alichimba yeye mwenyewe, akawaburuta yeye mwenyewe, maana hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Imesimuliwa kwamba watu wa Stoney Middleton walimwona kutoka kilima cha ng'ambo, wakaogopa kuvuka. Yeye mwenyewe hakuugua. Makaburi yale saba yamo kondeni hata leo, yamezungushiwa ukuta mfupi wa mawe.

Palikuwa na mchimbaji mmoja, Marshall Howe, mtu mwenye nguvu nyingi. Aliugua tauni mwanzoni akapona, akaamini kwamba haitampata tena. Basi akawa mzikaji wa watu wasio na wa kuwazika, na ujira wake ulikuwa vitu vya marehemu. Husimuliwa kisa cha mtu mmoja ambaye Howe alikwisha kumchimbia kaburi na kumtia begani, naye akazinduka na kuomba kinywaji, akapona. Watoto wa kijiji walicheka kwa kisa hicho miaka mingi. Lakini mwisho wa Agosti Howe alimzika mke wake mwenyewe, na baada ya siku chache mtoto wake wa kiume, na pengine aliwaletea ugonjwa katika vitu vile vile alivyovichukua.

Palikuwa na msichana Emmott Sydall, mchumba wa kijana Rowland Torre wa Stoney Middleton. Husimuliwa kwamba tangu tauni ilipozidi walikuwa wakionana kwa mbali tu, kila mmoja upande wake wa bonde, bila kusogeleana. Mwishoni mwa Aprili 1666 Emmott hakuonekana tena. Kijana aliendelea kuja. Tauni ilipokwisha alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kijijini, akapata habari zake.

Na Catherine Mompesson, aliyekataa kumwacha mume wake, alikuwa akizunguka pamoja naye katika nyumba za wagonjwa. Imesimuliwa kwamba jioni moja walipokuwa wakitembea alimwambia mume wake jinsi hewa ilivyonukia vizuri, naye akashtuka moyoni, kwa kuwa watu walisema harufu njema isiyo na asili ni dalili ya tauni. Alikufa tarehe 25 Agosti 1666. Kaburi lake limo katika uwanja wa kanisa, karibu na msalaba wa kale. Mompesson aliwaandikia watoto wake barua ya kuwaeleza habari za mama yao, naye wakati huo alidhani kwamba atamfuata upesi.

Hakumfuata. Mtu wa mwisho alikufa tarehe 1 Novemba. Katika barua ya mwezi huo Mompesson alihesabu jamaa 76 zilizoingiwa na ugonjwa, na watu 259 waliokufa. Nguo na matandiko ya kijiji yakafukizwa, mengine yakachomwa moto. Tauni haikuenea katika vijiji vya jirani.

JE, WALIFANYA VEMA?

Mwalimu mwema haogopi maswali magumu, basi na tuulize. Masimulizi ya zamani husema kwamba kijiji kilikuwa na watu 350 tu. Wataalamu waliochunguza hesabu za kodi hukadiria kwamba walikuwa kama 700. Hata hivyo, zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu alikufa. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo cha Imperial cha London walilichunguza daftari la mazishi, nyumba kwa nyumba na siku kwa siku, wakaona kwamba robo tatu ya walioambukizwa huenda waliupata ugonjwa kwa binadamu wenzao, si kwa panya. Basi yawezekana kabisa kwamba wengine walikufa kwa sababu walikaa karibu na wagonjwa wao, ambao kama wangalikimbia wangalipona.

Wako pia wanaosema kwamba maskini hawakuwa na mahali pa kukimbilia, na kwamba waandishi wa baadaye waliipamba habari hii kuliko ilivyokuwa. Yamo maneno ya kweli katika hayo. Wenye uwezo walitangulia kuondoka, na padre mwenyewe aliwaondoa watoto wake. Mtu asimcheke kwa jambo hilo aliye na mtoto.

Lakini hebu tazameni tena. Uzio haukujengwa. Mtu aliyetaka kukimbia usiku, na milima ile yote iko wazi, angaliweza. Waliokaa hawakujua habari za vijidudu wala viroboto. Walijua tu kwamba wakienda kwa ndugu zao watawaua. Tena mambo yale matatu waliyokubaliana, kuzika upesi nyumbani, kusali nje kwa kuachana nafasi, na kufunga mpaka, ndiyo mambo ambayo waganga wengi wa leo wangeyakubali. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga milango ya dunia, watu wengi wa Uingereza walikikumbuka kijiji hiki, na sisi pia tulisali nje na kukaa mbali mbali.

MWISHO WA MAPADRE WALE

Huenda mngependa kusikia kwamba watu walimshukuru kila mmoja wao. Haikuwa hivyo kabisa. Tauni ilipokwisha wako waliomwendea Earl wa Devonshire wakitaka Stanley aondolewe kijijini kwa kuwa hakuifuata sheria. Earl alikataa, akaona kwamba nchi yote ilikuwa na wajibu wa kumshukuru mtu yule kuliko kumfukuza. Stanley alikufa mwaka 1670 akiwa bado Eyam.

Mompesson alihamishwa mwaka 1669 kwenda mtaa wa Eakring, katika jimbo la Nottinghamshire. Watu wa huko, waliposikia alikotoka, waliogopa kumpokea. Ilimbidi akae kwanza katika kibanda nje ya kijiji, katika msitu wa Rufford, mpaka hofu yao ilipopoa, ingawa miaka miwili na zaidi ilikuwa imepita tangu mgonjwa wa mwisho. Ndivyo alivyopata malipo ya kuwalinda watu wa nje, kwamba watu wa nje walimkimbia. Alikufa mwaka 1709.

KIJIJI LEO

Eyam leo ina watu kama 1,000. Uchimbaji wa risasi umekwisha, na nchi ile yote tangu mwaka 1951 imo katika hifadhi ya kwanza ya taifa kuwekwa Uingereza. Wageni huja kwa maelfu. Penye nyumba zilizokuwa za wagonjwa yamewekwa mabamba yenye majina ya waliokufa ndani yake, na watu wengine wanakaa humo, wanapika na kulea watoto, na majina yako nje mlangoni. Mwaka 1985 kanisa lilitiwa dirisha la kioo cha rangi lenye picha za habari hii yote, na mwaka 1994 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho.

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu huandamana kutoka kijijini mpaka Cucklet Delf, husali pale pale walipokuwa wakisali mababu zao. Siku hizo pia visima hupambwa kwa picha zilizotengenezwa kwa maua yaliyobandikwa katika udongo, kama ilivyo desturi ya Derbyshire. Lakini siku ile ya Agosti watu husimama karibu karibu, bega kwa bega, jambo ambalo mababu zao hawakuweza kulifanya.

NENO LA MWISHO KWA WENYE NYUMBA NA WALIMU

Nami nitaungama jambo. Katika mtaa mmoja niliohudumu zamani walikuwako wazee wawili wasiopeana mkono kwa ajili ya ugomvi wa kiwanja. Kipindupindu kilipotokea kila mmoja aliitisha mkutano wake juu ya kuchemsha maji na kufunga kisima kibovu, na watu wa huyu hawakwenda kwa yule. Kisima hakikufungwa mpaka tulipokwisha kuzika watoto wawili. Mimi nilikuwa katekista wa mahali, na kwa miaka miwili nilisema moyoni, Ugomvi huu si wangu.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wale mapadre wa Eyam hawakukubaliana juu ya Kitabu cha Sala hata siku ya kufa kwao, wala hatusomi kwamba mmoja alimshinda mwenzake kwa hoja. Walikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba watu wasio wao, wa vijiji wasivyovijua, waishi. Hilo lilitosha.

Basi jioni mtakaposoma habari hii nyumbani, waulizeni watoto wenu: kama ingekuwa kwetu, nani angetangulia kumwendea mwenzake? Nanyi wazazi jibuni kwanza, bila kumtaja jirani.